Blanketi la Manyunyu

Mama yake Lugano alinipigia simu kazini siku ya Jumanne, akaniuliza kama mwanawe bado yu hai.

"Yuko hai, mama," nikamjibu. "Namwona hapa. Anakula karanga."

"Basi mwambie na mimi niko hai. Toka tumzike baba yake hajakanyaga hapa. Miezi saba, mwanangu. Kahawa inaivia mtini, hakuna wa kuichuma." Akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuchekwa. "Na kuna jambo jingine. Toka mlipokuja na lile turubai lenu, nyumba yangu haina harufu. Koti la marehemu nimelitungua msumarini, nimelinusa, halina tumbaku. Mtu aliyevuta kiko miaka arobaini. Ninyi mlikuja na dawa gani?"

Nilimwambia hatukuja na dawa yoyote. Nilisema kwa uhakika kabisa, kwa sababu turubai lile nililiagiza mimi mwenyewe.

Naitwa Tusajigwe. Nilikuwa mchora ramani za mvua katika kampuni ya Manyunyu, pale Mbeya, ghorofa ya saba. Miaka hiyo mvua zilikuwa zimeacha kufuata kalenda, na mkulima hakutia mbegu shimoni kabla hatujamwambia. Kazi ilikuwa nzuri. Juu ya kazi hiyo nilikuwa pia katibu wa kamati ya misiba na sherehe, cheo ambacho katika ofisi zote hupewa mtu asiyejua kukataa. Mwenzetu akifiwa, mimi ndiye niliyepanga gari, nikaagiza wapishi, nikahakikisha turubai jeupe lenye uzi wa buluu limefika msibani kabla ya ndugu wa mbali. Kisha nilijaza fomu. Manyunyu ilisifika mkoa mzima kwa hilo. Ukutani, pale mapokezi, tulikuwa tumeandika: Hakuna Mwanamanyunyu anayelia peke yake.

Nilimfuata Lugano mezani kwake nikampa salamu za mama yake. Lugano ni kijana mpole, wa kule Rungwe kama mimi, na kabla ya msiba alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi ili akasimamie shamba. Barua hiyo niliisoma kwa macho yangu. Baada ya msiba hakuitaja tena.

"Nitaenda, dada," alisema.

"Lini?"

"Nikipata nafasi." Akatabasamu. "Kusema kweli, dada Tusa, nikienda kule naona nyumba tu. Kuta na bati. Mama anaongea, mimi namsikiliza, lakini sijisikii kitu. Hapa ndiyo najisikia niko na mzee."

Aliposema "hapa" alipapasa mkono wa kiti chake. Sikuipenda ile namna alivyokipapasa.

Saa ya chakula, ghorofa ilipokuwa tupu, nilikwenda kukaa kwenye kile kiti. Kila meza ya Manyunyu ilikuwa na tundu dogo la hewa mbele ya mkaaji, dogo kiasi cha kifungo cha shati, na sisi sote tulijua hewa ile huendeshwa na mfumo unaoitwa Mlezi, unaopima joto la mwili wako usije ukasinzia wala kutetemeka. Ndivyo tulivyoelezwa siku ya kwanza. Kwangu mimi hewa ile ilikuwa na moshi kidogo wa kuni za mkaratusi, na nilidhani unatoka kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara.

Pale kwa Lugano hakukuwa na mkaratusi. Nilikaa kama dakika moja. Kwanza ilikuja harufu ya kahawa mbichi iliyoanikwa, kisha sufu iliyolowa mvua, kisha tumbaku. Halafu nyuma yangu, karibu kabisa, mzee mmoja akakohoa.

Niligeuka. Hakukuwa na mtu. Nilisimama haraka hadi kiti kikaanguka, nikakiacha hapohapo sakafuni.

*

Mkuu wa utamaduni wa kazi alikuwa Bi. Eliwaza, mama mnene mwenye macho mazuri, aliyelia machozi ya kweli katika kila msiba tuliokwenda. Nilijiandaa kumbana. Nilidhani atakana, na mimi nilikuwa nimepanga maswali matatu ya kumnasa. Hakukana hata moja.

"Kaa, Tusa," akasema. "Imo kwenye mkataba wako, ukurasa wa kumi na nne. Nilikuwa najiuliza ni nani atakayekuwa wa kwanza kuuliza. Nimefurahi ni wewe."

Akatoa kipande cha turubai kwenye droo, akakiweka mkononi mwangu. Kilikuwa chepesi kuliko kilivyoonekana. Alinieleza kwamba nyuzi zake zimefumwa zinywe harufu, kama sifongo inavyokunywa maji, na ule uzi wa buluu wa pembeni ndio unaoshika sauti. Siku tatu za msiba zinatosha. Watu wamekaa chini yake wanalia, wanamtaja marehemu, wanapika vyakula alivyovipenda, nguo zake zimetolewa nje zinagawiwa. Kisha turubai linarudi Mbeya, linakamuliwa maabara, na kinachokamuliwa anapewa Mlezi.

"Kwa nini lirudi?" niliuliza. "Si mngevuta hewani kama simu?"

"Sauti ingewezekana. Harufu haisafiri hewani kwa namna hiyo, lazima nguo yenyewe ije. Na harufu ndiyo kazi yote, Tusa. Pua iko jirani na mahali kumbukumbu zinapolala. Mlezi anampa mtu kiasi kidogo tu, hadi anazoea asikitambue; ni mgeni wa kiti ndiye anayekinusa. Yeye anajua tu kwamba akikaa kazini anatulia. Kampuni nyingine zinanunua makochi ya rangi na meza za kuchezea mpira, halafu wanashangaa watu wanahama. Kwetu hata asiyefiwa anapata moshi wa kuni wa kumkumbusha kwao. Sisi toka tumeanza hajahama mtu."

"Wewe umeshika kikohozi cha baba yake Lugano."

"Ameshika Mlezi. Na ukimwondolea Lugano kikohozi hicho leo, nenda ukamwone kesho." Hakusema kwa ukali. "Umesahau alivyokuwa baada ya mazishi? Wewe ndiye uliyempeleka hospitali. Sasa analala, anakula. Nimemkosea wapi?"

Nikamweleza kuhusu koti lisilo na tumbaku na mama anayepiga simu kuuliza kama mwanawe yu hai. Bi. Eliwaza aliangalia mikono yake.

"Hilo ni kweli," akasema. "Nyuzi hazinakili, zinanyonya. Na mtu hawezi kumkumbuka mtu mmoja kwa nguvu ileile sehemu mbili. Kule kunapungua. Hilo tunalijua."

Ndipo nikauliza swali nililoliogopa, la fomu. Miaka minne nilikuwa naandika: marehemu alipenda chakula gani, alikuwa akiimba nini, nani alilia sana, alimwitaje mwanawe alipokuwa mdogo. Nilidhani ni za rambirambi. Niliwahoji watu wakiwa wamekaa kwenye mkeka macho yamevimba, nikawashika mkono, wakanieleza kila kitu kwa sababu mimi ni dada Tusa.

"Bila fomu zako Mlezi angekuwa anabahatisha," alisema Bi. Eliwaza. "Unaandika vizuri sana."

Niliona aibu iliyonipanda mpaka masikioni. Nilitamani awe mwongo, awe mtu mbaya, nimchukie nimalize. Badala yake alinisindikiza hadi mlangoni ameniwekea mkono begani.

"Na mama anaendeleaje?" akauliza. "Lile blanketi linamfaa?"

"Linamfaa sana," nikasema. "Hataki kulivua."

Mama yangu alikuwa mgonjwa wa moyo kule Kiwira, na majuma mawili kabla ya hapo Bi. Eliwaza mwenyewe alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa, kama desturi yetu ilivyokuwa, na kifurushi cha sukari, sabuni, na blanketi. Mama alikuwa amelishika shavuni akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga, hadi mgeni akaona haya. Mimi siku hiyo nilikuwa na ramani ya kumaliza, sikwenda. Nilitoka ofisini mwa Bi. Eliwaza nikiwaza turubai tu. Niliapa kwamba siku ikifika, turubai lile halitasimama kwenye uwanja wa mama.

*

Siku ilifika saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani. Kaka yangu Ambakisye, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi na mama, alisema maneno mawili tu kwenye simu, nikaiweka chini. Hewa ya mezani kwangu ilikuwa inanipulizia moshi wa mkaratusi. Niliinuka nikaliziba lile tundu kwa ubani wa kutafuna.

Nilipofika Kiwira ilikuwa inanyesha mvua ileile niliyoitabiri mwenyewe. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni kwenye mikeka, wengine wamesimama chini ya migomba wamejifunika vikapu. Ambakisye alinikumbatia nje ya jiko.

"Juma zima alikuwa anaongea na wewe," akaniambia. "Usiku. Anakuita lile jina lako la utotoni, halafu anaeleza, anaeleza, kama umekaa pale kitandani. Mimi nilikuwa nimechoka, Tusa. Nilikuwa nasikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Sikuyashika."

"Hata neno moja?"

"Jina tu."

Kabla sijajibu, gari la Manyunyu likaingia uwanjani. Walishuka kumi na wawili, Lugano akiwa mbele, wamevaa nguo nyeusi, na nyuma yao vijana wa mitambo wakaanza kushusha turubai. Nilikwenda nikasimama mbele yao.

"Ahsanteni kwa kuja," nikasema. "Turubai rudisheni garini."

Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, alinisikia kutoka barazani. Alikuja na fimbo yake hadi pale kwenye tope.

"Tusajigwe, unafanya nini?"

"Baba, hili turubai silitaki hapa."

"Shemeji zako wamelowa. Mabinti wa kanisani wamelowa. Watu wameleta cha kutukinga mvua, wewe unawafukuza msibani?" Alikuwa hapigi kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sijawahi kuona. Wazee wetu walikaribisha hata waliogombana nao. Mama yako amelala mle ndani, na watu watasema alizikwa na binti anayefukuza waombolezaji."

Ningemweleza nini? Kwamba turubai linakunywa harufu? Watu walikuwa wameanza kugeuza shingo. Ndugu wote wa mama walikuwa wananitazama mimi, na kwetu hakuna aibu inayozidi hiyo. Nikawapisha.

Lakini katibu ni katibu. Nikawaambia vijana walisimamishe kule chini, karibu na barabara, kwa ajili ya wanaume. Wakalisimamisha juu ya wajomba wanaobishana kuhusu mpira na sufuria za wapishi wa kampuni. Nguo zote za mama nikazifungia ndani. Nikamkataza Ambakisye kulitaja lile jina mbele ya mtu yeyote. Niliporudi jikoni nilijiona nimeshinda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nililia vizuri.

Bi. Eliwaza alinikuta pale, nimekaa kwenye kigoda. Na yeye alikuwa ametoka kulia. Alivuta kigoda kingine akakaa karibu yangu kama ndugu.

"Nimeona ulipoliweka turubai," akasema. "Sijakasirika. Ila sitaki nikudanganye, kwa sababu wewe si mtu wa kudanganywa. Hatukulihitaji. Lile blanketi limefumwa kwa nyuzi zilezile."

Nilimwangalia.

"Pindo lake ni la buluu, Tusa. Hukuona? Mama amelilalia siku ishirini na sita."

Nilikuwa sijaliona hata mara moja lile blanketi mchana. Kila nilipokuja niliingia jioni, nikatoka alfajiri kuwahi kazi.

"Kaka yako ameniambia kwamba alikuwa anakuita usiku," akaendelea. "Hakuna aliyemsikia. Blanketi limesikia. Yote aliyokueleza yamo mle, maneno yake yenyewe, kwa sauti yake, na pumzi yake. Turubai linatupa siku tatu za watu wanaolia. Hatujawahi kupata kitu kama hiki. Nipe tu nirudi nalo. Jumatatu ukikaa mezani kwako atakuwepo."

"Siwezi kuyasikiliza tu, mara moja, nikabaki nayo?"

"Nyuzi hazisomeki mahali pengine. Ni maabara yetu tu." Akasita. "Na ni mali ya kampuni. Lakini sitalichukua kwa nguvu msibani kwako. Niambie mwenyewe."

Lugano alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alichuchumaa mbele yangu akanishika magoti.

"Kubali, dada. Nakuomba. Hutalia tena hivi. Utakuja kunishukuru."

Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Nilimkumbuka mama yake ameshika koti lisilonuka. Nikasema naomba nikamwone mama.

Shangazi wawili walikuwa wamemaliza kumwosha na kumvika. Jeneza lilikuwa wazi. Blanketi walikuwa wamelikunja vizuri juu ya kitanda, jekundu, na pindo la buluu likionekana wazi kabisa. Nililichukua nikafukia uso wangu ndani yake. Nilivuta pumzi kwa nguvu zangu zote.

Halikunuka kitu. Mgonjwa alilala humo siku ishirini na sita, na lilikuwa kama limetoka dukani leo. Nikainama kwenye godoro, kwenye mto, kwenye ukuta wa udongo pale alipokuwa akiegemeza kichwa. Hakuna. Chumba alicholala tangu alipoolewa hakikuwa na mama hata kidogo. Yote yalikuwa mikononi mwangu, na kila neno aliloniambia nikiwa Mbeya nachora mvua.

Nilitaka kuyasikia. Sitasema uongo, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Huenda alinisamehe mle ndani, na huenda alinilaumu, na mimi nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Nilisimama hadi shangazi mmoja akanigusa kiwiko. Kisha nikafikiri: nikimpeleka ofisini, nitakuwa na mama kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja, siku za kazi. Nikistaafu wataniziba tundu. Ambakisye hatakuwa naye kabisa. Na hapa, nyumbani kwake, nitakuja kusimama kama Lugano, naona kuta na bati.

Nililikunjua blanketi nikamfunika, kuanzia miguuni hadi kidevuni, nikalichomeka pembeni alivyokuwa akinichomekea mimi.

"Zuri hivi, unalizika?" akasema shangazi.

"Alikuwa anasikia baridi," nikajibu. "Fungeni, shangazi."

Wakafunga. Bi. Eliwaza alikuwa amesimama barazani jeneza lilipotoka. Aliniangalia mikononi, akaona mitupu, akaelewa. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona huruma, na hadi leo sijui kama alinihurumia kwa haki.

Baada ya mazishi niliingia jikoni kusaidia kuosha masufuria. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ilining'inia kanga yake ya kupikia, kuukuu, imetoboka pembeni. Blanketi halikuwahi kuingia jikoni. Niliivuta usoni. Moshi, vitunguu, mafuta ya mgando, na yeye. Nilikaa chini kwenye majivu nikalia hadi Ambakisye akaja kuninyanyua, nikamnusisha na yeye, akalia pia. Kanga tuliirudisha kwenye msumari wake.

*

Jumatatu tundu la meza yangu lilikuwa limesafishwa. Lilipuliza hewa tupu, ya baridi kidogo, bila ule moshi wa mkaratusi. Mlezi hakuwa na cha kunipa, isipokuwa sufuria za pilau na jasho la wajomba, na nadhani waliona ni heri wakae kimya. Nilimkumbuka mama kutwa nzima. Iliniuma kifuani kama nilivyoambiwa itauma, na hakuna kilichoituliza.

Lugano aliniletea karanga, akaziweka mezani, akarudi kwenye kiti chake. Niliandika namba ya simu ya mama yake kwenye karatasi, nikamfuata, nikaibandika ikaliziba lile tundu lake. Alikunja uso, akainua mkono kuibandua. Kisha akaisoma. Nilimwacha akiwa ameinua mkono vilevile.

Saa nane ilikuja fomu. Msiba ulikuwa wangu, lakini katibu nilikuwa bado mimi, na kamati haikuwa na mtu mwingine wa kuijaza. Nilijaza jina la marehemu, tarehe, mahali. Chakula alichopenda nikaandika wali. Alikuwa hali wali. Wimbo, nikaandika hakuwa mwimbaji. Nilifika swali la saba: marehemu alikuwa akimwitaje mfanyakazi?

Nikaandika: Tusajigwe. Hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja.